Kampuni ya mtu mmoja: pensheni niiweke wapi bila kuumizwa na ushuru?

#1 Fundi_wa_Seva
Wadau, habari. Kampuni yangu hapa Kenya ina mwenye hisa mmoja na mkurugenzi mmoja, wote ni mimi. Kazi ni ushauri wa mitambo ya kompyuta, mauzo ya mwaka ni kama milioni 4.8. Pesa hutoka kama gawio, mshahara hakuna. Nataka kutenga 40,000 kila mwezi za uzeeni. Makaratasi yaliyo mezani ni ya aina tatu: mfuko wa pensheni wa mtu binafsi, mfuko wa mwavuli ambao kampuni inajiunga kama mwajiri, na NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) ya hiari. Upi unafaa? Naomba majibu yenye hesabu. Yale ya "inategemea" nimeshiba.

#2 Mama_P10
Inategemea. 😀

Lakini inategemea jambo moja tu, nalo ni vile unavyojilipa. Kiasi cha pensheni kinachoondolewa kabla ya PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) ni kile kidogo zaidi kati ya vitatu: ulichochanga kweli, asilimia 30 ya mapato yanayohesabiwa kwa pensheni, au 30,000 kwa mwezi. Kiwango cha 30,000 kilianza 27 Desemba 2024, awali kilikuwa 20,000. Fungua fomu ya P9 (taarifa ya mwaka ya mshahara na makato) utaviona, kwa mfuatano huo, kama E2, E1 na E3.

Sasa angalia E1 vizuri. Ni asilimia 30 ya safu A, na safu A ni mshahara wa msingi. Mtu akijiandikia msingi 50,000 na marupurupu 50,000, E1 yake ni 15,000, hata kama amechanga 30,000. Ili ufikishe 30,000 unahitaji mshahara wa msingi wa 100,000. Gawio haliingii kwa hiyo safu. Ukiendelea na gawio pekee, mfuko wowote utakaochagua hautakupunguzia hata shilingi ya PAYE, maana PAYE yenyewe hulipi.

#3 Zimma_Trader
Huyo yuko chini ya milioni 25, ako kwa ushuru wa mauzo wa asilimia 3. 4.8m mara 3% ni 144,000 kwa mwaka na stori imeisha. Gharama hazihesabiwi huko, kwa hivyo kampuni kumchangia pensheni haina faida. Afungue mfuko wa mtu binafsi alale.

#4 Mama_P10
@Zimma_Trader hapana. Ushuru wa mauzo haugusi ada za kitaaluma, za usimamizi wala za mafunzo. Ushauri wa mitambo ni ada ya kitaaluma. Yuko kwa ushuru wa kawaida wa kampuni, asilimia 30 ya faida. Angekuwa anauza kompyuta Luthuli Avenue ningekubaliana nawe kabisa, na hata sehemu ya gharama umesema kweli.

#5 Zimma_Trader
Sawa mwalimu.

#6 Karani_Mstaafu
Hesabu uliyoomba, bosi, ni hii.

Gawio: faida ya 100,000, kampuni inalipa 30,000. Zinabaki 70,000, gawio linakatwa 5%, yaani 3,500. Mkononi 66,500.

Mshahara wa msingi 100,000, na mchango wa pensheni jumla 30,000 NSSF ikiwemo: toa 30,000, toa SHIF (bima ya afya ya taifa) 2,750 (2.75%), toa ada ya nyumba 1,500 (1.5%). Kinachotozwa ni 65,750. Za kwanza 24,000 kwa 10% ni 2,400. Zinazofuata 8,333 kwa 25% ni 2,083. Zilizobaki 33,417 kwa 30% ni 10,025. Jumla 14,508, toa nafuu ya kibinafsi 2,400. PAYE ni 12,108.

Mshahara uleule ukiwa na NSSF peke yake ya 4,320 unalipa PAYE 19,812. Tofauti ni 7,704 kila mwezi.

#7 Bi_Makato
Karani, 4,320 ni ya Februari 2025, ambapo kikomo cha juu kilikuwa 72,000. Tangu Februari 2026 kikomo cha chini ni 9,000 na cha juu 108,000. Kwa mshahara wa 100,000 Daraja la Kwanza (mchango wa sehemu ya mshahara hadi kikomo cha chini) ni 540, la Pili (wa sehemu ya juu yake) ni 5,460, jumla 6,000, na kampuni inaweka 6,000 nyingine. Kwa hivyo nafasi iliyobaki kwa mfuko wa kibinafsi ni 24,000, na kinachookolewa ni 7,200.

#8 Karani_Mstaafu
Sahihi, Bi Makato. Zile 12,108 hazibadiliki kwa sababu jumla ni ileile 30,000. Ya kulinganisha inakuwa 19,308.

#9 Kamulu_Ploti
Mnahangaika na E1 na E3 na kuna ploti Joska. Ardhi haina safu A.

#10 Mama_P10
Haina, lakini ina rati, mzozo wa mipaka na ndugu aliyelima bila ruhusa. Ukijenga vyumba vya kupangisha, kodi ya wapangaji ikivuka 288,000 kwa mwaka unalipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi hiyo yote kila mwezi bila kutoa gharama. Turudi kwa mada.

#11 Wakili_Kimya
Kuna swali mmeruka. Je, mkurugenzi pekee anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni yake mwenyewe? Kwa sheria ya kampuni ndiyo, kwa kuwa kampuni ni mtu mwingine. Kesi inayonukuliwa ni Lee dhidi ya Lee's Air Farming, iliyotoka New Zealand na kuamuliwa na Privy Council ya London mwaka 1960. Rubani alikuwa mwenye hisa karibu zote na ndiye mkurugenzi aliyeongoza kila kitu. Ndege yake ilianguka akiwa kazini, akafa. Mjane alidai fidia ya mfanyakazi, na mahakama ikasema marehemu alikuwa mwajiriwa. Hapa Kenya kesi hiyo haifungi mahakama ila ina uzito.

Maana yake kwa vitendo: andika mkataba wa ajira kati ya kampuni na wewe, na azimio la mkurugenzi lenye tarehe, kiasi cha mshahara, kiasi cha mchango wa mwajiri na jina la mfuko. Unatia sahihi mara mbili, mara moja kama kampuni na mara moja kama mwajiriwa. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini bila hiyo karatasi mkaguzi anaweza kusema ile 24,000 iliyotoka kwa akaunti ya kampuni ni pesa yako binafsi na si gharama ya biashara.

#12 Zimma_Trader
Basi akijilipa ada ya ukurugenzi badala ya mshahara, anaepuka NSSF?

#13 Wakili_Kimya
Kuna wahasibu wanaosoma hivyo, kwamba NSSF inafuata mkataba wa kazi na ada ya ukurugenzi si mkataba wa kazi. PAYE haiepukiki, kwa sababu ada ya ukurugenzi nayo ni mapato ya ajira.

#14 Bi_Makato
Mimi ni wa kundi lisilokubali hivyo. Ukifanya kazi kila siku, unatuma ankara, unaenda kwa mteja, hiyo ni kazi hata uiite ada. Tena NSSF ni akiba yako. Kuikimbia 6,000 ili uweke 6,000 kwingine ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile.

#15 Fundi_wa_Seva
Asanteni. Tuseme nimekubali mshahara wa 100,000. Sasa mfuko: mtu binafsi au mwavuli?

#16 Dawati_la_Mwavuli
Nieleze upande wa mwavuli. Huu ni mfuko mmoja wenye wadhamini wake, msimamizi, meneja wa uwekezaji na benki mtunzaji, ambao waajiri wengi wanajiunga. Kampuni haianzishi mfuko wake. Ukianzisha wako peke yako, gharama za ukaguzi na wadhamini zitakula mchango wote. Kuingia, kampuni inatia sahihi hati ya kujiunga. Ndani yake jaza kwa makini:

- umri wa kustaafu,
- asilimia ya mwajiri na ya mwajiriwa,
- kama ni pensheni au akiba ya mkupuo,
- kama Daraja la Pili la NSSF litahamia huku.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayovutia wengi. Daraja la Kwanza halitoki NSSF. La Pili linaweza kuelekezwa kwa mfuko binafsi uliokidhi masharti, lakini mwajiri aombe idhini ya RBA (mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni) kwanza. Kwa mshahara huu ni 5,460 mara mbili, 10,920 kwa mwezi, 131,040 kwa mwaka. Kosa la kawaida ni kampuni kuacha kulipa NSSF siku ileile ilipotuma maombi. Mpaka idhini itoke, unaendelea kulipa NSSF yote. Ukisitisha mapema deni linakufuata na faini yake.

Niwe mkweli: baadhi ya mifuko ya mwavuli haipokei mwajiri mwenye mwanachama mmoja. Si sheria, ni biashara yao. Uliza kabla hujajaza fomu.

#17 Mwana_Bondi
Kwa nini usiweke kwa bondi za miundombinu? Riba haitozwi ushuru kabisa. Ile ya Februari 2024 ilitoka kwa 18.4607%, na unanunua mwenyewe kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, hakuna meneja wala mdhamini wa kukula ada.

#18 Karani_Mstaafu
Bondi ni nzuri, ila linganisha mwanzo na mwanzo. Pesa ya bondi imeshalipiwa PAYE. Shilingi 24,000 ya mshahara ikipitia PAYE ya 30% inabaki 16,800 ya kununulia bondi. Kwa mfuko inaingia 24,000 nzima. Na mapato ya mfuko uliosajiliwa hayatozwi ushuru yanapokua, yawe ya bondi, hisa au amana. Meneja naye ananunua bondi zilezile, kanuni za RBA zinamruhusu hadi asilimia 90 kwa dhamana za serikali. Tena 18.46 ilikuwa ya msimu wake. Huwezi kupanga miaka 20 kwa bei ya msimu mmoja.

Matumizi bora ya bondi kwa Fundi ni zile 10,000 za juu. Alisema 40,000, na kikomo ni 30,000. Hizo 10,000 hazipati nafuu yoyote ndani ya mfuko, kwa hivyo zikae nje ambako anaweza kuzifikia.

#19 Mwana_Bondi
Hapo nakubali nusu. Sikubali kufungiwa.

#20 Dawati_la_Mwavuli
Kufungiwa kuna viwango. Mfuko wa mtu binafsi hauna ratiba: mwezi mbaya usipochanga hakuna anayekupigia. Mwavuli, mchango ulioandikwa kwa hati ni deni la mwajiri. Kwa kazi ya ushauri ambapo wateja wanalipa baada ya siku 90, hilo ni jambo la kufikiria.

Na mchango wa mwajiri una kufuli zaidi. Ukitoka kabla ya miaka 50 hupewa sehemu ya mwajiri nzima, inayobaki inakaa humo mpaka umri ufike. Kabla hujaamua kampuni ichange kiasi gani na wewe kiasi gani, soma kifungu cha kutoka mapema.

#21 Mama_P10
Na ndiyo sababu nauliza, kwa nini wote mnamkata yeye? Kampuni ichange moja kwa moja. Linganisha: mshahara wa 124,000 na yeye akatwe 24,000, au mshahara wa 100,000 na kampuni iweke 24,000 juu. Ya pili SHIF inapungua 660, ada ya nyumba inapungua 360 kwake na 360 kwa kampuni. Hizo ni 1,380 kila mwezi kwa kubadilisha mstari mmoja tu kwenye malipo.

#22 Bi_Makato
Mama P10, polepole. Kikomo cha 30,000 unakisomaje? Mimi nakisoma ni cha mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja (ile 24,000 ya awali nilihesabu makato ya mwajiriwa tu). NSSF yake 6,000, ya kampuni 6,000, mfuko 24,000, hiyo ni 36,000. Umepita kwa 6,000.

#23 Mama_P10
Kuna kampuni nyingi zinazohesabu P9 kwa mchango wa mwajiriwa tu, na ya mwajiri inadaiwa kama gharama upande wa kampuni.

#24 Bi_Makato
Kampuni nyingi hazijakaguliwa bado. Anayetaka usingizi ahesabu vyote vitatu pamoja: nafasi ya mfuko inakuwa 18,000.

#25 Wakili_Kimya
Nyote wawili mna pa kusimamia. Ukichagua njia ya Mama P10, weka maandishi ya msingi wa hesabu kwenye faili la mwaka huo, si baada ya barua kufika.

#26 Juakali_Gikomba
Mbona hakuna anayetaja NSSF ya hiari? Haba Haba unaanza na shilingi 25 kwa siku, unapiga *303#. Au Mbao ya tangu 2011, shilingi 20 kwa siku.

#27 Karani_Mstaafu
Kwa mwenye kibanda ni nzuri sana, unachanga jioni ukihesabu mauzo. Kwa mwenye kampuni tatizo ni kwamba NSSF yake ya lazima tayari iko huko. Akiweka na ya hiari, mayai yote yamekalia kikapu kimoja.

#28 Fundi_wa_Seva
Kuna ajenti ananisukumia mpango wa miaka 15 wa kampuni ya bima, anasema ni pensheni na una nafuu ya ushuru.

#29 Dawati_la_Mwavuli
Mwombe cheti cha usajili cha RBA cha huo mfuko. Siyo cha kampuni ya bima, cha mfuko. Orodha iko kwa tovuti ya RBA, ama ingia ofisini kwao Rahimtulla Tower, Upper Hill. Asipokuwa nacho, hiyo ni sera ya bima ya maisha. Nafuu yake ni nyingine: asilimia 15 ya unacholipa, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Ukivunja mwaka wa pili au wa tatu unarudishiwa kidogo kuliko ulichoweka, wakati mwingine hakuna.

Akiwa nacho, muulize kama ni mfuko wenye dhamana au usio na dhamana. Wenye dhamana, mtaji haushuki, kampuni ya bima inatangaza riba mwisho wa mwaka, na ada imeshatolewa kabla ya kutangazwa, kwa hivyo huioni. Usio na dhamana unapanda na kushuka na soko, lakini kila ada iko kwa taarifa. Daini zote nne: ya msimamizi, ya meneja, ya mtunzaji, ya wadhamini. Asilimia moja si mchezo. Changa 30,000 kwa mwezi miaka 20: kwa ukuaji wa 10% unapata karibu milioni 22.8, kwa 9% karibu milioni 20.

#30 Zimma_Trader
Milioni 2.7 ya ada! Hiyo ni Probox mbili na chenji.

#31 Mwana_Bondi
Na mkistaafu yote ni bila ushuru, sivyo? Ndivyo wanavyotangaza.

#32 Bi_Makato
Si vyote. Tangu 27 Desemba 2024 malipo hayatozwi ukiwa umefika umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko, au umetoka kwa ugonjwa, au umetimiza miaka 20 tangu usajiliwe uanachama. Ukitoka kabla ya hapo unakatwa kwa viwango vya ngazi. Hiyo saa ya miaka 20 inaanza siku ya usajili, hata kama mchango wa kwanza ni 2,000. Anayesubiri kampuni inone kwanza anapoteza miaka bure.

#33 Mwana_Bondi
Na nikihama mfuko mwaka wa 12, saa inahama nami?

#34 Bi_Makato
Mimi nasema inafuata, kwa sababu uhamisho si kutoka.

#35 Wakili_Kimya
Na mimi nasema neno ni "tarehe ya kusajiliwa mwanachama wa mfuko", na mfuko mpya ni mfuko mwingine. Usihame bila barua ya msimamizi inayotaja tarehe ya awali.

Jambo jingine ambalo mwenye kampuni ya mtu mmoja asidharau: mafao hayashikwi na wadai wako, na ukifa hayaingii kwa mali ya marehemu. Wengi wenu mmetia sahihi dhamana ya kibinafsi kwa mkopo wa kampuni. Ploti ya Joska itauzwa, bondi zitashikwa, ya pensheni itabaki. Lakini jaza fomu ya warithi, na ujaze upya ukioa, ukiachana au ukipata mtoto.

#36 Kamulu_Ploti
Ploti ya Joska imetajwa, nimeridhika. Lakini si hii pensheni inaweza kununua nyumba?

#37 Dawati_la_Mwavuli
Inaweza. Hadi asilimia 40 ya akiba yako, isiyozidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi, tangu kanuni za 2020. Au hadi asilimia 60 kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Ploti tupu haimo.

#38 Fundi_wa_Seva
Nashukuru. Hatua za wiki hii ni zipi?

#39 Mama_P10
Ingia iTax (tovuti ya ushuru ya KRA), ongeza wajibu wa PAYE kwa PIN ya kampuni. Sajili kampuni kama mwajiri NSSF na SHA (inayosimamia SHIF). Azimio na mkataba alivyosema Wakili. Fungua mfuko, upate namba ya mwanachama kabla ya mshahara wa kwanza, kwa sababu P10 (ripoti ya PAYE ya kila mwezi) inatakiwa ionyeshe mchango uliolipwa mwezi huo, siyo ahadi. Mshahara uhamishwe benki hadi benki, kutoka akaunti ya kampuni kwenda yako. Usijitumie kwa M-Pesa vipande vipande. Mchango wa mwajiri ulipwe kutoka akaunti ya kampuni kwa rejeleo la mwajiri. Ukitumia namba yako ya mwanachama utaandikwa kama mchango wako binafsi, na kurekebisha kunachukua miezi. PAYE, NSSF na SHIF tarehe 9. Na ukishaongeza PAYE, kila mwezi lazima ujaze P10, hata mwezi wa sufuri. Kuchelewa ni asilimia 25 ya ushuru au 10,000, ile kubwa.

#40 Fundi_wa_Seva
Umri wa kustaafu kwenye hati niweke 50 au 60?

#41 Bi_Makato
50. Ushuru unafuata umri ulioandikwa kwa kanuni. Ukitaka kuendelea kuchanga baada ya hapo hakuna wa kukuzuia.

#42 Karani_Mstaafu
60. Ukiweka 50 utaichukua 50, nakujua na hunijui. Na kama ni pensheni, ni theluthi moja tu unayopewa kwa mkupuo, theluthi mbili zinanunua malipo ya kila mwezi ya maisha au zinatolewa kidogo kidogo kwa angalau miaka 10, isiyozidi asilimia 15 kwa mwaka. Ukianza 50 zitaisha ukiwa bado unapanda ngazi bila fimbo.

#43 Dawati_la_Mwavuli
Mwavuli wetu hauruhusu mwajiri kuchagua 50 kama umri wa kawaida, ni wa mapema tu. Angalia kanuni za huo wako ukurasa wa maana za maneno, huwa wa tatu au wa nne.

#44 Zimma_Trader
Karani, na mwenye 58 sasa hivi na kampuni ya mwaka mmoja, aanzie wapi?

#45 Karani_Mstaafu
Fungua uzi wako.